Mwanangu ana mrija wa shingoni, Ijumaa ijayo tunaruhusiwa. Usiku mnalalaje?

MamaKilosa

Habari za jioni wapendwa. Naandika nikiwa wodini, mtoto amelala na chaji ya simu imebaki kidogo, nikikatika mnisamehe.

Mwanangu ana mwaka mmoja na miezi saba. Alizaliwa njiti, wiki ya 28, akakaa kwenye mashine ya kupumulia muda mrefu. Tulipotoka tulishukuru Mungu, lakini akawa anapumua kwa sauti kama mtu anayevuta hewa kwenye filimbi, na kila akipata mafua tunarudi hospitali. Mara ya mwisho alizidiwa kabisa. Wakamwangalia kwa kamera, wakasema njia ya hewa chini kidogo ya zoloto (kile kisanduku cha sauti kooni) imebanwa na kovu. Ule mrija wa mashine uliomwokoa akiwa mchanga ndio ulioacha kovu hilo. Kwenye faili wameandika gredi ya 3. Wakamtoboa shingoni wakamwekea mrija mdogo wa plastiki, namba 4.0.

Leo ni wiki ya tano. Anapumua vizuri, ameongezeka uzito, anacheka. Ila anacheka bila sauti, na analia bila sauti. Naona mdomo umefunguka, machozi yanatiririka, sisikii kitu. Hapa wodini manesi wapo na mashine ya kunyonya makohozi ipo kando ya kitanda. Nyumbani itakuwaje? Nikisinzia na yeye akawa anahangaika, nitajua kwa kitu gani?

Kwetu ni nje ya Kilosa. Tutapanda treni mpaka stesheni ya pale, kisha bodaboda. Umeme upo lakini unakatika. Tunapikia mkaa. Naishi na mume wangu, mama mkwe na mashemeji wawili wadogo. Mama mkwe alipokuja kumwona alitoka nje akalia, akasema mtoto amechinjwa, na kwamba madaktari wanamfanyia majaribio. Sikuwa na jibu.

Manesi wamenionyesha kunyonya makohozi na nimefanya mwenyewe mara nyingi. Kubadilisha mrija nimeangalia mara mbili, wamesema nitazoea. Kuna yeyote humu aliyelea mtoto wa hivi nyumbani? Niambieni ukweli, msinifariji tu.

Chaurembo

Pole sana dada yangu, Mungu akutie nguvu. Mimi sijapitia hilo, ila mdogo wangu alikuwa anabanwa kifua, bibi yetu akawa anamfukiza kwa majani ya mwarobaini na kumlambisha asali, akatulia kabisa. Jaribu na huyo, anaweza akapona wakautoa huo mrija mapema.

FundiChumbageni

Mama, nimesoma habari yako nikafunga mlango wa kiofisi nikakaa chini. Mimi ni fundi cherehani, niko Tanga. Binti yangu aliishi na mrija shingoni miaka miwili na miezi minne. Sasa yuko darasa la tatu na mrija hana. Umeomba ukweli, nitakupa wote nilio nao, usome polepole.

Nianze na la muhimu, chaji yako isije ikaisha kabla hujalifikia. Usitoke hospitali kwa sababu ya kuangalia mara mbili. Toka ukiwa umeutoa na kuuingiza kwa mikono yako, si mara moja, na mtu wa pili wa nyumbani naye awe amefanya. Kama baba mtoto yuko kazini, aombe ruhusa aje. Kama haiwezekani, aje mama mkwe huyo huyo. Waambie manesi kwa heshima kabisa: sijawahi kuubadilisha mwenyewe, naomba nifanye mkisimama pembeni. Mwenye haki ya kulisema hilo ni wewe, na ukilisema hujamkosea mtu.

Nakuambia kwa nini. Sisi tulitoka tumeangalia tu. Siku ya tisa nyumbani, mama watoto anamwogesha kwenye karai, fundo la utepe wa shingoni likalegea, mtoto akakohoa, mrija ukadondoka majini. Tukatazamana. Ulikuwepo wa akiba kabatini, mita mbili kutoka niliposimama, umefungwa kwenye pakiti yake na namba imeandikwa kwa nje. Sikuugusa. Nilimbeba mtoto kifua wazi nikakimbia barabarani, nikapanda bodaboda mpaka zahanati. Njiani midomo yake iligeuka rangi, ikawa kama wino. Tabibu wa zamu alikuwa kijana mdogo, na nadhani kitu kile hajawahi kukishika, lakini mke wangu alikuja nyuma na bodaboda nyingine ameshika ile pakiti. Yule kijana akaufungua, akaulowesha, akauingiza. Mtoto akakohoa, rangi ikarudi. Mpaka leo nikipita pale huwa nasimama.

Kesho yake tulirudi wodini bila kuitwa. Tukakaa siku nne. Nilibadilisha mrija mara tatu, mke wangu mara mbili. Mara ya kwanza mikono ilitetemeka, na mimi ni mtu ninayetunga uzi kwenye sindano bila kuangalia.

Tundu la mtoto aliyekaa wiki tano huwa limeshatengeneza njia yake, si jeraha bichi tena. Unakunja taulo unaliweka chini ya mabega ili shingo inyooke, mwenzako anashika mikono ya mtoto. Mpya uwe tayari kabla hujagusa wa zamani. Unautoa ule, unaingiza huu kwa kufuata mpindo wake, kwanza kuelekea nyuma kisha chini. Ndani ya mrija mpya kuna kijiti cha kuongozea, nacho kinaziba njia yote, kwa hiyo ukishaingia tu kijiti kitoke hapo hapo, kabla hujafikiri kingine. Kidole kisiuachie mrija mpaka utepe ufungwe. Wetu tuliambiwa tubadilishe kila wiki, tukachagua Jumamosi asubuhi kabla hajala. Mwezi wa pili haukuchukua hata dakika.

Utepe wenyewe ni kazi yangu, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. Mkanda wa kunata wa velkro ni mzuri kwa ngozi, ila mtoto wa mwaka na nusu anaujua kuufungua kabla ya wewe kujua. Mimi nilishona tepe za pamba laini, upana kama kidole, pindo mbili, nikafunga fundo kavu, si kitanzi cha kamba ya viatu. Mpime akiwa ameketi na kichwa ameinamisha mbele: kidole chako kimoja kipite kati ya utepe na shingo. Vikipita viwili, umelegea. Badilisha kila siku, maana jasho na mate vinakata ngozi. Halafu shashi ya kuweka chini ya mrija usiikate wewe kwa mkasi. Ukikata, nyuzi zinachomoka, na uzi ulio kando ya lile tundu unavutwa na pumzi kwenda ndani. Omba zile zilizochanwa kiwandani, au kunja shashi nzima bila kuikata.

Suala la nyuzi lilinigharimu. Cherehani zangu zilikuwa sebuleni. Daktari alipouliza nafanya kazi gani nikamwambia, akaniuliza vumbi la vitambaa huwa linaenda wapi. Mrija unaruka pua. Pua ndiyo inayochuja vumbi, inayopasha hewa joto na kuipa unyevu, na mtoto wako hiyo kazi imemtoka. Nikahamishia kila kitu kwenye kibanda cha nje, nikauza ovaloki, na fedha yake ndiyo iliyonunua mashine ya kunyonya. Kwako wewe ni mkaa. Jiko lipikwe nje, upande ambao upepo hauingizi moshi ndani. Nyumbani kwetu kila Alhamisi tulikuwa tunafukiza udi, tukaacha. Poda ya shingoni tulivyozoea kuwapaka watoto baada ya kuoga, mwiko kabisa. Paka alipelekwa kwa shangazi.

Dada Chaurembo, najua umeandika kwa huruma, na asali bibi yako alikupeni kwa mapenzi. Ila kwa mtoto huyu moshi wa majani unaingia moja kwa moja kwenye mapafu. Na kovu la kwenye bomba la hewa halilainiki kwa kufukizwa. Naomba asijaribu.

Sasa usiku. Uliuliza utajua kwa kitu gani. Mama yangu mzazi ndiye aliyetupa jibu. Alimvika binti yangu njuga mguuni, zile tunazowavika watoto wanapoanza kusimama. Mtoto asiye na sauti akihangaika, miguu ndiyo inayopiga kelele. Tulilala naye chumba kimoja, kitanda chake kimegusa chetu, na nakwambia baada ya mwezi nilikuwa siamki kwa radi ila njuga zikilia mara mbili nimeshakaa. Wiki za mwanzo tuligawana: mimi mpaka saa nane, yeye kuanzia saa nane. Usijaribu kukesha peke yako kila siku, utaanguka, na ukianguka mtoto hana mtu.

Njuga hizo ziliwahi kufanya kazi yake. Ilikuwa masika, mvua kubwa, umeme umekatika tangu magharibi na betri ya mashine imekwisha. Saa tisa usiku njuga zikalia mfululizo. Nilipomulika, kifua kilikuwa kinabonyea ndani, mbavu zinahesabika, jasho usoni. Nikachukua pampu ya kunyonyea ya kukanyaga kwa mguu, nikaingiza mrija wa kunyonyea, ukagota katikati. Haupiti. Ukiona haupiti, mama, acha kunyonya. Mrija wenyewe umeziba. Nilikata utepe kwa mkasi, nikautoa, nikaingiza mpya, kijiti nje, mke wangu ameshika tochi ya simu kwa meno. Ndani ya ule wa zamani kulikuwa na kitu kimekauka kigumu kama gundi ya seremala. Mtoto alikohoa, akatuangalia, akalala. Sisi hatukulala.

Mtoto yule yule, baba yule yule. Tofauti ni zile siku nne wodini.

Boksi la dharura liwe moja na lisiachane na mtoto, hata akienda chooni kwa jirani. Letu lilikuwa kopo la plastiki lenye mfuniko: mrija wa namba yake, mrija wa namba moja chini (maana tundu likibana kidogo, mkubwa hauingii), mkasi, tepe mbili, mirija ya kunyonyea, pampu ya mguu, ile jeli ya maji ya kulainishia, taulo dogo, na ambubegi (mfuko wa kumpulizia hewa kwa kuminya kwa mkono) aliyotuazima daktari. Juu nilibandika karatasi: jina la ugonjwa, namba ya mrija, na maneno ANAPUMULIA SHINGONI. Hilo la mwisho ni kwa ajili ya mgeni atakayemziba pua na mdomo na kumpulizia akidhani anamsaidia, ilhali hewa haipiti huko.

Kuhusu bodaboda kutoka stesheni: hapana. Tafuta bajaji au gari, hata kama ni ya kukopa. Ile barabara kiangazi ina vumbi.

Samahani kwa urefu. Uliza lolote.

MwanaLikoni

Salamu kutoka Mombasa. Mamangu, usiogope sana. Binti yangu alikuwa nayo kuanzia miezi minane hadi miaka mitano, na shule ya chekechea alianza nayo. Mwalimu alikuja kwetu Jumapili tatu kufundishwa kunyonya, hatukumwachia mtoto mpaka alipoweza. Chakula alikuwa akila kila kitu, pilau, samaki, viazi karai. Kitu tulikataa ni kuchezea mchanga wa pwani na kuogelea. Kuoga ni maji ya chini ya kifua, kichwa kinaoshwa kwa kitambaa. Na watu watamkodolea macho kwa matatu. Mimi nilikuwa namwambia mtu, "Anapumulia hapa," basi, akitaka kuuliza zaidi namjibu.

MamaKilosa

Nimelia nikisoma, lakini si kilio kibaya. Fundi, asante. Nimemwita mume wangu, anakuja Jumapili. Nina mawili nataka kuuliza. Wewe binti yako aliwekewa kwa sababu gani, na ulitolewaje? Na huyu wangu ataongea lini? Ana mwaka na miezi saba, hajawahi kuniita mama. Shemeji aliona kwenye simu mtu anaziba mrija kwa kidole ili aongee, akataka kujaribu kwa mtoto, nikamzuia.

NesiWaZamu

Umefanya vyema sana kumzuia shemeji. Mimi nimefanya kazi wodi ya masikio, pua na koo miaka 11, na hilo nalirukia kabla ya mengine. Gredi ya 3 maana yake njia ya juu imezibwa kati ya asilimia 71 na 99. Hewa inaingia kwa mrija na inatokea kwa mrija. Ukiziba kwa kidole, haina pa kutokea. Yule wa kwenye simu njia yake ya juu iko wazi, ndiyo maana anaweza. Kipo pia kifuniko maalumu cha kuongelea, kinafunguka mtoto akivuta hewa na kujifunga akiitoa ili pumzi ipande kwenye nyuzi za sauti. Nacho kina masharti yale yale: njia ya juu iwe inapitisha hewa ya kutosha, na kama mrija una puto (kile kipira kinachojazwa upepo kuuzunguka mrija kwa ndani ya koo), puto liwe limetolewa upepo. Likiwa limejaa, kifuniko hicho kinaua. Kwa hiyo hata mtu akikuletea zawadi kutoka Ulaya, kiweke mpaka daktari wake amwangalie kwa kamera.

Kuongea hakuanzi na sauti. Mwongeleshe kutwa nzima, mwimbie, mfundishe ishara za mikono, za maji, chakula, kuumwa, mama. Mtoto anayejua kuomba maji kwa mkono haachi kujifunza maneno, anayahifadhi.

Nyongeza kwa aliyosema Fundi, na amesema vizuri. Mrija wa kunyonyea uchague kwa kuzidisha namba ya mrija wa shingoni mara mbili: wa 4.0 unachukua namba 8. Kina usikisie. Chukua mrija wake wa akiba, pitisha wa kunyonyea mpaka uchungulie nchani, weka alama kwa kalamu, na hapo ndipo mwisho wako kila mara. Ukishuka zaidi unakwaruza nyama za ndani, zinatoa damu na kuota kovu jipya, na mtoto huyu kovu alilonalo linatosha. Ingiza, nyonya ukitoa, isizidi sekunde 10, halafu mwache apumue. Mikono na sabuni kabla na baada. Maji ya kusuuzia yawe yaliyochemshwa yakapoa, ya siku hiyo hiyo. Nyonya anapohitaji: ukisikia yanakoroma, ukiona yanabubujika mdomoni mwa mrija, akiamka, kabla ya kula. Mtoto aliye mkavu na mtulivu usimsumbue kwa ratiba.

Ile ajali ya usiku wa mvua aliyoieleza Fundi, makohozi kukauka ndani ya mrija, pamoja na mrija kuchomoka, hayo mawili ndiyo yanayoongoza kwa vifo vya watoto hawa vinavyotokana na mrija wenyewe. Dawa ya la kwanza ni unyevu. Omba vile vifuniko vidogo vya kutunza unyevu, wengine wanaviita pua ya bandia. Vikikosekana, kitambaa safi cha pamba kilicholoweshwa na kukamuliwa, kininginie mbele ya mrija bila kuuziba. Mpe maji ya kunywa ya kutosha. Ukiona makohozi yameanza kuwa mazito kama ute wa yai au yana damu au harufu, usingoje kliniki.

Na mrija wa akiba wa namba yake ukikataa kuingia, jaribu ule mdogo. Ukikataa nao, mlaze shingo imenyooka, pulizia kwenye tundu lenyewe kwa mdomo wako au kwa ambubegi yenye barakoa ndogo, huku mwingine anatafuta gari. Muombe nesi wa hapo akufundishe hili kwenye mwanasesere kabla ya Ijumaa.

Mama mkwe mwambie hivi, kwa upole. Operesheni hii haijaanza jana. Mwaka 1825, Pierre Bretonneau, daktari wa mji wa Tours huko Ufaransa, alimtoboa koo msichana mdogo aliyekuwa anakufa kwa dondakoo, akapona. Mwanafunzi wake, Armand Trousseau, akaiendeleza kwa watoto wengi. Dondakoo ni huo huo tunaowachanja watoto wetu kliniki. Mabibi wa zamani waliuogopa kwa sababu ulikuwa unakaba mtoto mpaka anakata roho mikononi. Akielewa kwamba tundu lile limefunguliwa ili mjukuu asikabwe, huenda moyo ukatulia. Na mpe kazi. Mtu mwenye kazi mkononi hofu inampungua.

FundiChumbageni

Nesi, asante, la kuzidisha mara mbili sisi hatukuambiwa, tulipewa tu pakiti.

Mama, binti yangu alikuwa na miaka mitatu alipoanza kukauka sauti. Tukatibiwa pumu karibu mwaka mzima, sehemu tatu tofauti, dawa za kuvuta na vidonge, hakuna aliyechungulia zoloto. Kumbe ni vinyama vimeota kwenye nyuzi za sauti, vinaletwa na kirusi cha HPV, aina ya 6 na ya 11. Kwa ugonjwa ule madaktari hukwepa kutoboa wakiweza, kwa sababu vinyama vinaweza kufuata tundu na kushuka. Lakini alifikishwa usiku hewa imefungika, hiari haikuwepo. Baadaye wakawa wanamlaza usingizi na kuvipunguza kwa kamera, mara kumi na moja kwa jumla. Nasema hivi ili mzazi mwingine anayesoma, ambaye mtoto wake sauti imekauka miezi na miezi bila mafua, aombe aangaliwe koo.

Wako ni kovu, njia yake tofauti. Muulize daktari wako kuhusu upasuaji wa kupanua njia kwa kipande cha gegedu la ubavu wake mwenyewe, na muulize mtoto atakuwa tayari lini. Lijue jina la mpango kabla hujatoka, usitoke na kadi ya kliniki peke yake.

Kutolewa kwake kulikwenda hatua kwa hatua. Waliweka mrija mdogo zaidi. Kisha wakauziba mchana tukiwa wodini, akawa anapumua kwa pua na sisi tunamtazama kama saa ya ukutani. Kisha usiku mzima wakiwa wamemfunga kile kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni. Wakachungulia tena kwa kamera. Ndipo siku moja asubuhi wakautoa, wakabandika plasta, basi. Tundu lilijifunga karibu lote, kikabaki kitobo kama cha sindano namba 14, wakaja kukishona baada ya miezi. Nikaomba kuuona mshono. Ulikuwa mzuri.

Sauti yake ni ya kukwaruza mpaka leo. Neno la kwanza alilolisema mrija ulipozibwa lilikuwa "njaa".

MamaKilosa

Ni Jumatano. Mume wangu alifika, na mama mkwe akaja naye, hakuna aliyemwita. Jana nesi alisimama pembeni, mikono nyuma. Nilikunja khanga badala ya taulo. Niliutoa, nikaona lile tundu tupu kwa mara ya kwanza, likawa linafunguka na kufumba kama mdomo wa samaki, nikaingiza, nikachomoa kijiti. Mtoto alikohoa makohozi yakanirukia usoni. Leo amefanya baba yake, na kesho narudia.

Nilimsomea mama mkwe habari ya yule mtoto wa dondakoo. Alinyamaza muda mrefu. Akasema mdogo wake wa pili alikufa kwa kukabwa hivyo, yeye akiwa na miaka sita, na alikuwa amemshika. Nimeishi naye miaka minne sikulijua hilo. Sasa kazi ya utepe ameichukua yeye, anaubadilisha kila asubuhi na hataki mtu mwingine aguse.

Daktari ameahidi kuandika mpango wa mbele kwenye karatasi ya kuruhusiwa. Boksi nimepata, ni la aiskrimu. Tumebaki na njuga tu, Morogoro mjini wameniambia sikuhizi hazipatikani.

FundiChumbageni

Mwambie baba mtoto asizitafute. Za binti yangu zipo kwenye droo ya cherehani, nimezisugua leo kwa ndimu na majivu. Nitashona na tepe kumi na mbili za pamba, nifunge pamoja, niweke kwenye basi la Morogoro la kesho alfajiri. Niandikie kwa ujumbe wa faragha jina la atakayepokea stendi ya Msamvu, na unipe kipimo cha shingo yake kwa sentimita.